Ukitaka Kuvua Baharini na Familia, Uliza Kwanza Mwezi Una Siku Ngapi

Siku chache kabla ya mwaka mpya, binti yangu alivuta kolekole mrefu kuliko mkono wake kwenye mlango wa ghuba ya Mikindani, mama yake na kaka yake wakishuhudia. Tangu turudi Nanganga watu hawaachi kuniuliza. Nikisimama njia panda ya Ruangwa kusubiri gari, naulizwa. Nikienda ofisi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, kufuatilia malipo, naulizwa. Wanaouliza ni wakulima wa korosho kama mimi, na samaki wa bahari wamezoea kukutana naye akiwa amekwisha kukaangwa na kupangwa kwenye sinia. Hapa Nanganga tuna Mto Lukuledi na kambale wake, basi. Kwa hiyo naandika hatua kwa hatua namna familia ya bara inavyoweza kwenda pwani kupumzika na ikavua samaki kweli, siyo kupiga picha na samaki wa kununua.

Hatua ya kwanza ni muda, na hapa sisi wa ukanda wa korosho tumebahatika. Minada huanza Oktoba, kwa hiyo Desemba shule zikifungwa, wengi pesa imeshaingia. Bahari nayo Desemba inatufaa. Kusi imekwisha, kaskazi ndiyo kwanza inaanza, na asubuhi maji huwa laini kabla upepo haujashika kasi mchana. Likizo ya Juni msijaribu na watoto. Kusi ikivuma, chombo kinarushwa, mtoto anatapika, na mama watoto hatakubali tena kusikia neno bahari.

Usafiri hauna maelezo mengi. Basi la asubuhi, Nyangao, Mtama, hadi Mnazi Mmoja. Hapo wa Lindi anakata kushoto na wa Mtwara kulia. Sisi tulishuka Mikindani kabla ya kufika mjini, kwa sababu ghuba yake imejikunja ndani ya nchi kavu na mawimbi makubwa hayafiki. Mahali pa kulala utapata. Chukueni ming'oko ya kuchemsha, watoto watakula chomboni.

Hatua ya pili ni vifaa, na hapa nina maneno. Kuna duka moja mjini Mtwara, silitaji, lililoniuzia nailoni nikaambiwa ni imara, inabeba hata papa. Ilikatika kwa kibua. Kibua! Ile nailoni ilikuwa imekaa dirishani kwenye jua hadi imekauka, ukiinyoosha unaiona ina vumbi jeupe. Nilipoirudisha, muuzaji akanitazama viatu, akaona mtu wa bara, akaniambia nimevuta vibaya. Tangu siku hiyo sinunui mshipi dukani. Nanunua palepale samaki wanapotua, kwa wanaouza vifaa kwa wavuvi wenyewe. Mtu anayemuuzia mvuvi nailoni mbovu atakutana naye kesho asubuhi, na hilo analijua. Ndoana nachukua za Mustad, chapa ya Norway, hata kama zimezidi bei mara mbili. Ndoana za bei rahisi nilizowahi kupewa zilinyooka kama sindano. Kumbuka tu kwamba namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo, usije ukaomba namba kumi ukidhani unapewa ya jodari. Mshipi wa mkono unatosha kabisa. Fimbo zenye magurudumu waachieni wenye nafasi ya kuzibeba kwenye basi.

Sasa hatua ya tatu, chombo na mwezi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Safari iliyotangulia hii tulimpata mtu wa boti. Boti ya fiber imepakwa rangi ya buluu, ina kivuli, ina jaketi za kujiokolea za rangi ya chungwa, na mwenyewe anaongea vizuri sana kwenye simu. Akataka nusu ya pesa kabla hatujatoka Nanganga. Nikatuma. Akasema, njooni saa mbili asubuhi. Tukafika saa mbili kasoro, watoto wameamka gizani kwa furaha. Yeye akaja saa tatu na nusu, anatafuta mafuta. Tulipopanda, maji yalikuwa yanakimbia kutoka. Hatukufika mbali, boti ikakaa kwenye tope. Ikaegemea ubavu. Jua la saa nne likashuka juu yetu, mikoko ikasimama na mizizi yake yote nje, na pale tulipodhani pana bahari akina mama wakawa wanapita kwa miguu na vijiti vyao wakitafuta pweza. Tulikaa hadi mchana maji yaliporudi. Nilipodai pesa akanijibu, "Bahari ndiyo bahari, mzee." Hakurudisha hata ya mafuta.

Bahari haikuwa na kosa lolote. Siku ile ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, na kila mtoto wa Mikindani alijua kwamba saa nne maji yatakuwa hayapo. Yeye pia alijua. Alitaka tu pesa ya siku. Kulipia chombo kabla ya kuuliza mwezi ni sawa na kuuza korosho kwa kangomba: kipimo anacho mwenzako.

Jioni yake nilikwenda ufukweni nikiwa na hasira, nikamkuta mzee mmoja anashona jarife. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Hakusema neno juu ya yule mtu. Aliniuliza swali moja, "Mwanangu, mlipokuja mliuliza mwezi ngapi?" Nikamwambia tuliangalia kalenda. Akaweka sindano chini, akanifundisha hesabu ambayo nimekuwa nikiitumia tangu hapo, na ambayo ina thamani kuliko vifaa vyote nilivyokwisha kununua.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika pwani yetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika hamsini, kwa sababu mwezi nao unasogea angani na dunia inabidi izunguke zaidi kidogo kuufikia. Basi chukua siku ya mwezi, ukihesabu tangu ulipoandama, toa moja. Zidisha kwa nne, gawanya kwa tano. Jibu ni saa za kuongeza juu ya saa kumi. Zikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili.

Jaribu mwezi kumi na moja. Toa moja, ni kumi. Mara nne, arobaini. Gawanya kwa tano, nane. Saa kumi ongeza nane ni kumi na nane, toa kumi na mbili, inabaki sita. Maji yatajaa saa sita mchana, na kwa kuwa kati ya kujaa na kukupwa ni kama saa sita, yatakuwa yamekupwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi ukipita siku kumi na tano, toa kwanza kumi na tano kisha endelea vilevile, kwa hiyo mwezi ishirini na sita ni sawa na mwezi kumi na moja. Hesabu inaweza kupishana na bahari kwa nusu saa hadi saa nzima. Kwenye simu siku hizi kuna majedwali ya maji yenye dakika kamili, yatumie kusahihisha. Lakini hesabu hii unaipiga ukiwa shambani bila mtandao, miezi miwili kabla ya safari, na ndiyo inayokuambia uombe chumba wiki gani.

Kwa nini nasisitiza mwezi kumi na kumi na moja, au ishirini na tano na ishirini na sita? Kwanza, samaki wa kando ya miamba na kwenye milango ya ghuba hula maji yanapotembea, hasa yanapoingia. Changu hupanda na maji kufuata majani ya bahari, kolekole hukaa mlangoni kusubiri vidagaa. Siku hizo maji yanaingia asubuhi nzima, tangu saa kumi na mbili hadi saa sita, wakati ambao watoto wana nguvu na upepo bado umelala. Pili, zinakuja mara baada ya maji mafu ya siku ya nane na ya ishirini na mbili. Kwenye bamvua maji ya Mtwara hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mkondo unabeba chubwi yako hadi huioni, mtoto hawezi kuushikilia mshipi. Kwenye maji mafu kabisa mkondo umelala na samaki nao hawana haraka. Siku mbili tatu baada ya hapo mkondo unaamka bila kutisha.

Ya tatu ndiyo iliyomfurahisha mke wangu. Maji yakijaa saa sita mchana, ufuko nao unakuwa mzuri saa sita mchana. Mnamaliza kuvua, mnateremka, na watoto wanaoga kwenye maji safi yaliyofunika mawe na miiba. Kwenye bamvua, saa nne na saa tano za asubuhi ni tope na matumbawe tu, watu waliokuja kupumzika wanabaki kutazamana. Siku ileile ya mwezi inamridhisha mvuvi na asiyevua.

Desemba hii tukafanya hivyo. Yule mwenye boti ya buluu sikumtafuta. Nilimtafuta mzee wa jarife kwa simu ya mjukuu wake, akanipa mwanawe mwenye ngalawa na leseni ya uvuvi. Bei tuliyopatana ilikuwa ndogo kuliko nusu niliyomtumia yule bwana. Jaketi za watoto tulikodi mjini, hilo halina mjadala. Tulitoka kumekucha, maji yamelala chini kabisa, nahodha akisukuma kwa upondo mpaka kina kilipopatikana. Tukatupa nanga kando ya mkondo.

Chambo kilikuwa ngisi aliyekatwa vipande virefu. Wauza chambo watakupa dagaa kwa kuwa ni rahisi, lakini dagaa anavunjika kwenye ndoana samaki wadogo wakimdonoa, ngisi anavumilia. Mwanzoni tulipata vibua na changu wadogo, mwanangu wa kiume akapata tasi na nahodha akamzuia asimshike, kwa sababu miiba ya tasi ina sumu na inauma vibaya. Ikikuchoma, loweka mahali hapo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Bunju, yule anayejaa upepo, mrudisheni majini wala asipikwe, anaua. Kisha kama saa nne na nusu mkondo ukawa umekaza, vidagaa vikaanza kuruka, na nahodha akasema kwa sauti ya chini, "Shika vizuri, mama." Mshipi wa binti yangu ukaondoka. Alilia, akacheka, akakataa kusaidiwa. Nahodha alimfundisha kulegeza kolekole anapokimbia na kuvuta anapogeuka. Mkono ulichubuka ingawa tulimfunga kitambaa. Alipomwingiza chomboni alikaa kimya akimtazama, mweupe kama fedha na mapezi ya njano.

Nilisema hatua, na ya nne ilikuwa ruhusa. Kwa kifupi: pandeni chombo chenye leseni, na pitieni ofisi ya uvuvi mkaulize mgeni anatakiwa awe na nini. Mkitaka kwenda Msimbati, ufuko ni mzuri sana, lakini pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, na kuvua kuna masharti yake, kwa hiyo msitupe mshipi kabla ya kuongea na watu wa hifadhi.

Na mkirudi mikono mitupu mkaamua kununua, bonyezeni samaki. Aliyepigwa baruti nyama yake inakuwa laini kabla ya wakati, ukimpasua unakuta damu imevilia ndani na mfupa wa mgongo umevunjika. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku nchini tangu 1970, na pwani yetu ya kusini ni miongoni mwa zilizoumizwa sana nao. Bomu moja linaua vifaranga na matumbawe wanamozaliwa. Tukiacha kununua samaki wa baruti, hakuna wa kuwavua.

Kolekole wetu alichomwa kwa ndimu na chumvi, akaliwa na wali wa nazi pamoja na familia ya nahodha.

Safari ijayo tunataka kushukia Lindi, Lukuledi yetu inapomwaga maji baharini, kwa sababu naambiwa midomo ya mito ina samaki wengi maji yanapoingia. Kama unamjua mvuvi wa kule mwenye ngalawa nzima, leseni na uvumilivu kwa watoto, niachie jina lake kwa mwenye genge pale njia panda ya Nanganga. Wa boti za rangi wanaotaka nusu kabla ya kukuambia mwezi ngapi, usinitumie.