KODI YA MIEZI SITA SIYO FAIDA: nilichojifunza nilipopangisha vyumba viwili

Wauzaji wenzangu, wengi wetu tukishapata kafaida mtandaoni, ndoto ya kwanza ni kiwanja, ya pili ni vyumba vya kupangisha. Mimi nauza viatu vya mtumba kwa WhatsApp na Instagram. Nikajibana, nikamalizia vyumba viwili vya masta huko Chanika, kila kimoja 120,000 kwa mwezi. Leo niwape yaliyonigharimu.

Wapangaji wa kwanza walilipa miezi sita sita, si mnaijua desturi ya Dar. Yaani 1,440,000 taslimu mkononi! Nikasema hapa nimeula. Kesho yake alfajiri nipo Karume nachagua viatu, hela yote ikaingia kwenye mzigo.

Mwezi wa pili unaisha, mpangaji mmoja, dada mwalimu, akapata uhamisho wa mkoani. "Kaka, naomba unirudishie ya miezi minne iliyobaki." Hiyo ni 480,000, na mimi sina. Mkataba wenyewe tuliandika kwenye karatasi ya daftari, mistari mitano, hakuna panaposema mtu akiondoka mapema inakuwaje. Tukaenda kwa mjumbe. Akaniuliza swali moja tu: "Hiyo miezi minne ameshaikaa?" Nikanyamaza. Nilimlipa kwa mafungu matatu, na ili niipate hiyo hela viatu vizuri kabisa niliviuza bei ya kutupa.

Sisi wauzaji tungepaswa kulielewa hili mapema kuliko mtu yeyote. Kodi ya mbele ni kama oda ambayo mteja ameshalipia ila wewe hujatuma mzigo. Mpaka mwezi uishe, ile hela bado ni ya mteja. Siku hizi naiweka kwenye akaunti ya peke yake, mwisho wa mwezi natoa ya mwezi ule tu. Na hata hiyo siili yote, kuna fungu la matengenezo: koki, kitasa, bati, shimo la choo likijaa. Shimo halisubiri uuze viatu.

Mkataba sasa una kurasa mbili. Umeandikwa kodi ni kiasi gani na inalipwa lini, notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote, akiondoka mapema anarudishiwa nini, nani anatengeneza nini. Namba ya kitambulisho chake cha NIDA ipo, mashahidi wapo, na tunapitia ofisi ya serikali ya mtaa. Siku ya kukabidhi funguo napiga picha kila kona, kama ninavyopiga picha kiatu kabla ya kukituma, halafu namtumia na yeye. Akisema kioo alikikuta kimepasuka, tunafungua simu.

Kingine ni LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo ukinunua umeme, na nyumba ya kawaida kwa sasa ni 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo yeye ndiye anayekatwa. Ugomvi wa 1,500 usiudharau! Mimi naipunguza kwenye pango, 18,000 kwa mwaka, na imeandikwa kwenye mkataba. Halafu chumba chenye mita yake kikikaa wazi miezi kadhaa, deni linajikusanya. Nunua umeme wewe mwenyewe kabla hujakabidhi, usimwachie mgeni akatwe madeni siku ya kwanza.

Chumba cha yule mwalimu kilikaa wazi wiki saba. Hizo wiki hazirudi. Kiatu kisipouzwa leo kitauzwa kesho, ila mwezi ukipita chumba kitupu ndiyo umeshapita. Dalali aliniletea watu wawili, wote walitaka kulipa mwezi mmoja mmoja, nikakataa kwa ubishi. Leo nisingekataa, maana anayelipa kila mwezi bila kusumbua hana tofauti na wa miezi sita.

Mwishowe nikakitangaza mwenyewe kwenye status, picha halisi mpaka ya choo, na umbali wa kutembea hadi kituo cha daladala. Aliyekuja ni mteja wangu wa viatu. Nikampa zile kurasa mbili, akakaa kwenye ndoo akazisoma zote kabla hajatoa hata mia.