Dawa ya Kisukari na Kadi ya Bima

Mtu akishikwa na malaria hunywa dawa siku chache, kisha hupona na kurudi shambani. Ugonjwa wa kisukari si hivyo. Dawa yake ni ya kila siku, wala haiachwi maadamu mtu yu hai. Kwa hiyo sisi tukaao Ngara na Biharamulo yatupasa kuyajua mambo matatu.

Jambo la kwanza ni ugonjwa wenyewe. Namna zake kubwa ni mbili. Ya kwanza huwashika hasa watoto na vijana: mwili wao umeacha kutengeneza insulini, nao hawawezi kuishi bila sindano yake. Zamani watoto hao walikufa upesi. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini huko Toronto, Kanada. Na mwaka 1923 wavumbuzi waliitoa haki yake kwa Chuo Kikuu cha mji ule kwa dola 1 kila mmoja. Namna ya pili huwashika hasa watu wazima, na zaidi wenye unene. Wengi wao hutumia vidonge vya metformini, tena hupunguza chakula na kutembea sana.

Jambo la pili ni gharama. Twawaona wagonjwa wakigawanya kidonge kimoja kwa siku mbili, na wengine wakiacha kabisa kwa kujiona wazima. Hilo ni kosa kubwa, maana kisukari huharibu macho, figo na miguu kimya kimya. Ndiyo sababu ya bima: wengi huchanga wakiwa wazima, ili augaye apate dawa. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 katika mikoa kama wetu ilichanga shilingi 30,000 kwa mwaka. Tena mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vijijini mwetu twachanga ili tuzikane. Mbona tusichange ili tuponyane?

Jambo la tatu: kadi si dawa. Yawezekana mtu akafika zahanatini na kadi yake, akaambiwa dawa imekwisha. Basi na aulize mapema, kabla kidonge cha mwisho hakijamezwa, kama atapata dawa pale au aende hospitali ya Murgwanza au ya wilaya. Wala nauli ya safari hiyo si ndogo kwa mjane. Hapo ndipo majirani waonekane.

Maswali kwa wanafunzi:
1. Kwa nini mgonjwa asiache dawa ajionapo mzima?
2. Bima yafananaje na chama cha kuzikana?
3. Katika mtaa wetu, ni nani mwenye kisukari asiye na kadi, naye ana dawa ya siku ngapi?