Mwanao Anasoma AP Research? Haya Ndiyo Atakayotakiwa Kufanya

Mzazi, ikiwa mwanao anasoma sekondari nchini Marekani na kwenye ratiba yake umeona jina AP Research, jua kwanza kwamba somo hili halina mtihani wa kukaa ukumbini. Kinachosahihishwa ni kazi mbili. Ya kwanza ni andiko la kitaaluma la maneno 4,000 hadi 5,000, nalo lina asilimia 75 ya alama. Ya pili ni kuwasilisha utafiti mbele ya watu na kuutetea kwa mdomo, kwa dakika 15 hadi 20, na hiyo ina asilimia 25 iliyobaki. Kazi zote mbili hutokana na utafiti mmoja ambao mwanafunzi anaubuni na kuufanya mwenyewe kwa muda wa mwaka mzima wa shule. Mwezi Agosti mwaka huo huonekana mrefu sana. Ukifika Februari, wengi hushangaa umekwenda wapi.

Masomo yenye jina la AP yanaendeshwa na College Board, taasisi ileile yenye mtihani wa SAT. Ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu yanayofundishwa sekondari, na alama zake ni 1 hadi 5, ambapo 5 ndiyo ya juu. AP Research ni nusu ya pili ya mpango wa miaka miwili uitwao AP Capstone, ulioanza mwaka 2014. Nusu ya kwanza ni AP Seminar, na haiwezi kurukwa: asiyeisoma Seminar haingii Research. Kwa hiyo wengi huisoma Research wakiwa darasa la 11 au la 12. Anayepata 3 au zaidi katika Seminar, katika Research na katika masomo mengine manne ya AP hutunukiwa diploma ya AP Capstone. Akifaulu hayo mawili peke yake hupewa cheti. (Walio Nairobi au Dar es Salaam wenye watoto katika shule za IB watakuwa wamezoea Extended Essay, andiko lisilozidi maneno 4,000. Zinafanana, lakini mpango huo ni mwingine na sheria zake ni nyingine.)

Wazazi wetu wengi hulalamika kwamba mwalimu wa somo hili hafundishi. Mtoto anarudi nyumbani bila nukuu za kunakili wala kitabu cha kiada. Ukimuuliza leo amejifunza nini, anakujibu, "Tuliulizwa maswali tu." Ndivyo inavyotakiwa. Kanuni za somo zinamkataza mwalimu kumwandikia mwanafunzi, kumsahihishia rasimu mstari kwa mstari au kumpa swali la kutafiti. Anaruhusiwa kufundisha mbinu za utafiti, kuuliza maswali yanayomfanya mwanafunzi afikiri, na kufuatilia kama kazi inakwenda. Marufuku hiyo inakuhusu na wewe, na kaka yake aliye chuo kikuu pia. Msikilizeni anapoeleza, muulizeni "umejuaje?", halafu kalamu mwachieni mwenyewe.

Basi aanzie wapi? Aanze na swali la utafiti, yaani lile swali moja ambalo kazi nzima itakuwa inalijibu. Hapa nitakaa kidogo, maana kwa maoni yangu nusu ya alama hupatikana au hupotea hapa, kabla hata ya sentensi ya kwanza ya andiko kuandikwa. Watoto wengi, na wazazi wanaowashauri, hupenda mada kubwa: malaria, ufisadi, vita vya mashariki mwa Kongo. Ni mada za maana kabisa, ila haziwezi kujibiwa na kijana wa miaka 17 mwenye miezi minane na nauli ya basi.

Tuchukue mfano. Binti wa familia ya Kikongo anayeishi Louisville, Kentucky, anataka kuuliza: "Kwa nini vijana wa Kikongo nchini Marekani wanasahau Kiswahili?" Swali linavutia, lakini lichunguze. Marekani ni nchi nzima, naye yuko mji mmoja. "Vijana" ni wa umri gani? Kwamba wanasahau, nani kathibitisha? Tayari amejijibia kabla ya kutafiti. Na hilo "kwa nini" lina sababu mia. Sasa alipunguze: "Vijana wa sekondari wa familia za Kikongo mjini Louisville, waliofika Marekani kabla ya kutimiza miaka 10, huzungumza na wadogo zao kwa lugha gani, na wao wenyewe wanaeleza vipi uchaguzi huo?" Ghafla kazi inafanyika. Anajua amtafute nani, amuulize nini, na ataishia wapi. Swali limekuwa dogo, na ndiyo sababu linaweza kujibiwa.

Udogo peke yake hautoshi. Swali liwe pia halijajibiwa na mtu mwingine. Walimu wa somo hili hutaja mara kwa mara pengo la maarifa, yaani sehemu ambayo watafiti waliotangulia hawakuifikia. Huwezi kuliona pengo bila kusoma waliyoandika, kwa hiyo Septemba na Oktoba ni miezi ya kusoma makala za wataalamu. Makala hizo zinapatikana bila fedha nyingi. Kadi ya maktaba ya umma ya mji wenu kwa kawaida ni bure, na mkutubi anaweza kumwonyesha mwanao namna ya kutafuta. Google Scholar ni bure. JSTOR, ghala kubwa la majarida ya kitaaluma, huruhusu mtu aliyejiandikisha kusoma makala kadhaa mtandaoni kila mwezi bila malipo. Mwambie aandike kando ya kila makala mambo mawili: mwandishi amegundua nini, na amegundua kwa njia gani. Hilo la pili ndilo husahaulika, na ndilo atakalolihitaji atakapochagua mbinu zake.

Kama utafiti unahusu kuuliza watu, iwe kwa dodoso, yaani karatasi ya maswali, au kwa mahojiano, kuna mlango wa kupitia kwanza. Ni kamati ya maadili ya utafiti, kundi la watu wazima ambalo shule huliunda au hulitafuta nje ili kuhakikisha wanaohojiwa hawatadhurika. Binti wa mfano wetu anataka kuongea na vijana wenzake walio chini ya miaka 18, hivyo atahitaji ridhaa ya maandishi ya wazazi wao pamoja na kukubali kwa vijana wenyewe. Fomu ikiwa kwa Kiingereza na mzazi anasoma Kiswahili au Kinyarwanda, itafsiriwe. Kuweka sahihi kwenye usichokielewa si ridhaa. Muhimu zaidi ni utaratibu: kibali kwanza, mahojiano baadaye. Majibu yaliyokusanywa kabla ya kibali hayafai kutumika, hata yawe mazuri namna gani. Na kamati haikai kila siku, kwa hiyo maombi yaliyochelewa hadi Januari huila miezi iliyobaki. Anayetafiti nyaraka, mashairi au takwimu zilizokwisha chapishwa kwa kawaida hana haja ya kibali hiki, jambo ambalo mwanafunzi mwenye haya ya kuongea na watu angefanya vyema kulifikiria mapema.

Andiko lenyewe lina umbo linalojulikana. Huanza na utangulizi unaoeleza tatizo, waliotangulia walisema nini na pengo liko wapi. Hufuata mbinu: alifanya nini hasa, kwa hatua ambazo mtu mwingine angeweza kuzirudia, na kwa nini alichagua njia hiyo na si nyingine. Kisha matokeo, halafu mjadala wa maana ya matokeo hayo, na hitimisho linalokiri mipaka ya utafiti na kuonyesha wengine waendelee wapi. Mwisho ni orodha ya marejeo, kwa mtindo unaotumika katika taaluma husika, kama APA au MLA. Marejeo, tanbihi na viambatisho havihesabiwi katika yale maneno 5,000. Jina la mwanafunzi na la shule yake visionekane popote ndani ya andiko, kwa sababu wasahihishaji wa College Board hawatakiwi kumjua.

Kuna jambo moja ambalo watoto wenye bidii hulielewa vibaya. Matokeo yasiyolingana na alichotarajia hayampunguzii alama. Kama aliamini vijana huzungumza Kiingereza na wadogo zao, akakuta wengi wanazungumza Kiswahili, aandike hivyohivyo na ajadili kwa nini. Kinachopunguza alama ni kudai zaidi ya ushahidi, kwa mfano kuhoji vijana 12 halafu kuandika kwamba "Wakongo wa Marekani" wako hivi au vile.

Pamoja na andiko, mwanafunzi hutunza jalada la kazi liitwalo PREP. Humo huweka maswali aliyoyaacha, makala alizosoma, rasimu, na tafakuri zake juu ya alichobadilisha na sababu yake. Jalada halipewi alama na College Board, ila mwalimu hulitumia kuthibitisha kwamba kazi ni ya mwanafunzi. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu zije programu za akili mnemba kama ChatGPT. Anaweza kuzitumia kutafutia mawazo ya mwanzo ya mada, kuelewa makala ngumu au kukagua sarufi. Hawezi kuziachia zimfanyie utafiti au zimwandikie. Kuna vikao maalumu ambapo mwalimu hukaa na mwanafunzi kuhakiki maendeleo, na asiyevikamilisha hupewa sifuri kwa kazi husika. Sifuri hiyohiyo humpata anayenakili maneno ya mtu bila kumtaja. Kwa watoto waliolelewa katika shule zenye desturi ya kukariri kitabu na kukirudisha neno kwa neno, hili linahitaji kuelezwa kwa upole na mapema. Wengi hawakusudii kuiba. Walifundishwa kwamba kurudia maneno ya kitabu ndiyo heshima kwa kitabu.

Utetezi wa mdomo hufanyika shuleni, mbele ya jopo la watu watatu: mwalimu wa somo na watu wazima wengine wawili. Mwanafunzi huwasilisha, kisha huulizwa maswali matatu au manne kuhusu njia aliyopita, uelewa wake wa alichokipata, na alichojifunza. Jopo likiuliza, "Kwa nini ulihoji vijana 12 tu?", jibu la "muda haukutosha" ni la kweli lakini limelala. Jibu linalosimama ni kama hili: "Nilitaka mahojiano marefu kuliko majibu mafupi ya watu wengi, kwa sababu swali langu ni jinsi wanavyoeleza uchaguzi wao. Kwa hiyo siwezi kusema lolote juu ya vijana wote wa mji huu." Hapa nyumbani mnaweza kusaidia kwa haki kabisa. Mketisheni sebuleni, awaelezee utafiti wake kwa Kiswahili, nanyi muulize bila huruma. Akiweza kumweleza bibi yake, ataweza kulieleza jopo.

Sasa gharama. Ada ya AP Research ni kubwa kuliko ya masomo mengine ya AP. Katika mwaka wa shule wa 2024–25 ilikuwa dola 147 kwa shule za Marekani, ilhali mitihani mingine mingi ilikuwa dola 99. Familia yenye kipato kidogo hupunguziwa sehemu ya ada na College Board, na majimbo au wilaya nyingi za shule hulipa kiasi kilichobaki, mara nyingine chote. Punguzo huombwa kupitia mratibu wa AP shuleni, na oda hufungwa katikati ya Novemba, kwa hiyo muulize mnamo Septemba. Huyo ni mtu tofauti na mwalimu wa somo, na ofisi ya shule itakuelekeza kwake. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili. Shule za umma zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo, na si vizuri mtoto awe mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe.

Andiko hupakiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa College Board kufikia mwisho wa Aprili, kwa kawaida tarehe 30, na mwalimu huwa ameingiza alama za utetezi humo humo. Mwanafunzi abonyeze mwenyewe kitufe cha kuwasilisha kazi ya mwisho, kwani rasimu iliyopakiwa bila kuwasilishwa haijawasilishwa. Afanye hivyo siku kadhaa kabla, si usiku wa mwisho intaneti ikisuasua.

Alama hutoka Julai. Vyuo vingine vinatoa krediti kwa alama 3 ya AP Research, vingine vinataka 4 au 5, na vingine havitoi kabisa, kwa hivyo mwanao aangalie kwenye tovuti ya kila chuo anachokitaka. Kila mwaka mwanafunzi anaruhusiwa kutuma alama zake kwa chuo kimoja bure, mradi achague chuo hicho kufikia tarehe 20 Juni, yaani kabla hata hajaziona. Baada ya tarehe hiyo, kila chuo anachotumia alama hulipiwa.