Uzee si Kukaa Tu



Hapa kwetu Kishanda, mtu akizeeka tunamwambia, "Mzee, wewe kaa tu." Tunasema kwa upendo, lakini tunamdhuru. Miguu isiyotumika hupoteza nguvu. Mzee huanza kuyumba, kisha huanguka. Akivunjika nyonga, huenda asifike tena kibanjani kwake.

Je, nguvu zilizopungua hurudi? Ndiyo, hurudi. Mwaka 1990, mjini Boston, Marekani, wazee wa miaka 90 hivi walifanya mazoezi ya miguu kwa majuma 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili.

Tufanye hivi:

1. Tukae kwenye kiti kilichoegemea ukuta. Tusimame polepole, tukae tena. Tuanze na mara 5.
2. Tushike kiti, tusimame kwa mguu mmoja. Tuhesabu hadi 10. Kisha mguu wa pili.
3. Tutembee upesi kidogo, dakika 30, siku 5 kila juma.

Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha. Nenda zahanati.

Lakini mtu peke yake huchoka mapema. Kule Nshamba, wilayani Muleba, wazee wa shirika la Kwa Wazee, lililoanza mwaka 2003, wana vikundi vya kusaidiana. Nasi tukusanyane na majirani. Asiyeonekana, tukampigie hodi. Vijana wasicheke, wawashike mkono wanaoyumba.

Maswali

1. Kwa nini si vizuri mzee kukaa tu?
2. Jirani yako yupi utamwita kesho?