Udongo Uliojining'iniza: Mafunzo Niliyopata Kwenye Nguzo za Ghala

Aliyenipigia simu hakuwa mkandarasi wala mwenye mradi. Alikuwa mlinzi. "Injinia, ngazi imeukimbia mlango," alisema. Nilidhani ananitania. Nilipofika nikakuta kidato cha zege cha mlango wa nyuma kimeshuka karibu shibiri nzima kutoka kwenye kizingiti, na chini ya boriti ya msingi kumekuwa na uwazi ambao paka anaupita bila kuinama. Upande unaotazama mkondo wa bahari, ukuta ulikuwa na nyufa zilizopanda kwa hatua, tofali kwa tofali.

Ghala lile liko ukingoni mwa Dar es Salaam, mahali palipokuwa mikoko na matope kabla malori hayajaanza kumwaga kifusi. Lilikuwa na umri wa miaka minne. Limesimama juu ya nguzo za zege zilizochimbiwa chini, paili kama tunavyoziita saiti, na hesabu za nguzo hizo nilizipiga mimi nikiwa na miaka 27 na uhakika mwingi. Haya ndiyo niliyojifunza hapo na katika kazi zilizofuata.

1. Uliza kwanza nani anashuka

Chini ya ghala kulikuwa na mita 3 za kifusi, kisha mita 10 za mfinyanzi laini wa mkondo, kisha mchanga mgumu. Nguzo zilipita kwenye vyote na kuingia mchangani mita 4. Darasani tulifundishwa kwamba nguzo hubebwa na vitu viwili: kitako chake kinachokalia udongo mgumu, na msuguano wa ubavu wake na udongo unaouzunguka. Nami nikajumlisha msuguano wote, tabaka kwa tabaka. Mfinyanzi ulinipa karibu tani 47 kwa kila nguzo. Nilizipokea kwa furaha.

Kosa lilikuwa hapo. Msuguano hausaidii nguzo kwa sababu tu udongo umeigusa. Unaisaidia pale nguzo inapoteremka kuliko udongo ulio ubavuni mwake, kwa kuwa hapo udongo huikamata na kuizuia. Ikitokea udongo ndio unaoteremka kuliko nguzo, mambo yanageuka: udongo unaishika nguzo na kwenda nayo chini, kama mtu anayezama anavyomshika shingo aliyekuja kumwokoa. Kifusi kipya kilikuwa kinaukamua maji mfinyanzi ule taratibu, nao ukawa unadidimia. Tani 47 nilizoziandika kwenye mapato zilikuwa deni.

2. Kipimo cha mzigo kilijibu swali ambalo sikuliuliza

Si kwamba hatukupima. Tulichagua nguzo moja, tukairundikia uzito hadi tani 150, mara moja na nusu ya mzigo iliokusudiwa kubeba. Ilishuka milimita chache, na tulipoutoa uzito ikarudi sehemu kubwa. Tukapeana mikono, tukanunua soda.

Lakini kipimo kile kilidumu siku mbili. Katika siku mbili mfinyanzi haujaanza hata kudidimia, na nguzo inayosukumwa kwa nguvu toka juu ndiyo inayoteremka kuliko udongo. Kwa hiyo mfinyanzi uliisaidia kweli siku ile, tani zake zote. Kipimo hakikusema uongo. Kilieleza siku mbili, mimi nikakisoma kama kimeeleza miaka hamsini.

3. Milimita zinatosha

Kwa muda mrefu nilidhani tatizo hili ni la matope mabaya sana, yale ya kutitia hadi magotini. Sivyo. Ili msuguano ugeuke wote na kuanza kuvuta chini, udongo unahitaji kuipita nguzo kwa milimita chache tu, 5 au 10 hivi. Hakuna saiti yenye kifusi kipya juu ya mfinyanzi isiyofika huko.

4. Piga hesabu, hata nyuma ya bahasha

Mzee aliyenifundisha kazi hii baada ya mkasa wa ghala alikuwa hafungui kompyuta kabla ya kuchukua karatasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha kidole kwenye ripoti yangu ya udongo. "Kijana, huu mfinyanzi unakubeba au unakutegemea?" Tukapiga hesabu pamoja, nami naiweka hapa kwa anayetaka kuifuata.

Kifusi cha mita 3 kina uzito wa kama kilonyutoni 19 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kinaongeza shinikizo la kilopaskali 57 juu ya mfinyanzi. Mfinyanzi wa aina ile, mita 10, hubonyea kwa mzigo huo kama sentimita 28 ukimaliza kazi yake. Shinikizo unalolibeba mfinyanzi wenyewe, ukiondoa la maji, linaanzia 57 juu na kufika karibu 127 chini. Wastani ni 92. Msuguano ni sehemu ya hilo, na kwa mfinyanzi laini robo ni makadirio mazuri: kilopaskali 23. Nguzo ya kipenyo cha milimita 600 ina mzingo wa mita 1.885. Zidisha kwa mita 10, unapata kilonyutoni 434. Ongeza kifusi chenyewe, ambacho nacho kinashuka, unakaribia 490. Hizo ni tani 50.

Nguzo iliyokusudiwa kubeba tani 100, 80 za jengo na 20 za bidhaa zinazoingia na kutoka, ilikuwa imetundikwa tani nyingine 50 ambazo hakuna mteja aliyezileta. Upande wa mkondo, kifusi na mfinyanzi vilipokuwa vinene zaidi, nguzo 8 zikashuka sentimita 3. Upande wa barabarani hazikushuka hata moja. Nyufa zikapita katikati.

Si ajabu ya kwetu peke yetu. Katika miaka ya 1960 Wanorwe, Laurits Bjerrum na wenzake, waligonga nguzo za chuma kwenye mfinyanzi wa bandari ya Oslo hadi mwambani na kupima jinsi kifusi na mfinyanzi vilivyozivuta. Walipata mamia ya tani kwenye nguzo moja ambayo juu yake hakukuwa na jengo lolote.

5. Baada ya kuumwa na nyoka, usiogope kila kamba

Mradi uliofuata nilijihami. Popote nilipoona mfinyanzi nilijumlisha mzigo wa jengo, mzigo wa bidhaa na mzigo wa kuvutwa, nikaizidisha yote kwa kiwango kilekile cha usalama, na nguzo zikawa karibu mara mbili. Mwenye mradi aliona bei akakaa kimya kwa muda, kisha akaomba nikaonane tena na yule mzee.

Mzee aliangalia, akacheka. Kwanza, alisema, kila nguzo uliyoiongeza imejipatia udongo wake wa kubeba. Umeajiri wapagazi zaidi, na kila mpagazi amekuja na mtoto mgongoni. Pili, na hili ndilo lililonichukua wiki kulielewa, mvuto ule si mzigo wa kawaida. Ukiisukuma nguzo kwa mzigo wa ziada kutoka juu, inateremka kidogo. Ikiteremka kuupita udongo, msuguano unageuka tena na kuanza kuizuia. Ndiyo maana mzigo unaokuja na kuondoka, kama shehena au upepo, haujumlishwi na mvuto. Wa kwanza ukija, wa pili unapungua.

Kisha akachora nguzo na kuweka alama moja ubavuni. Juu ya alama hiyo udongo unashuka kuliko nguzo na unaivuta. Chini yake nguzo inashuka kuliko udongo nayo inabebwa. Penye alama, vyote viwili vinashuka pamoja. Aliiita mstari wa usawa. Wengine wana majina mengine. Kujua mahali ulipo ndiyo kazi yenyewe, kwa maana jengo litashuka kiasi kilekile udongo unachoshuka penye mstari huo. Ukiwa ndani ya mfinyanzi, jengo linafuatana na mfinyanzi. Ukiwa ndani ya mchanga mgumu, mfinyanzi unaweza kushuka nusu mita na jengo lisishtuke.

Maswali yakabaki mawili tu. Je, zege na nondo za nguzo, penye mstari ule, zinahimili mzigo wa kudumu pamoja na mvuto? Kwa nguzo yetu, tani 130 kwenye zege la kipenyo cha milimita 600 ni kitu chepesi. Na je, mstari uko mahali udongo umetulia? Kwa ghala langu haukuwa. Ulikuwa mita moja na kidogo juu ya mchanga, bado ndani ya mfinyanzi. Dawa haikuwa kuongeza nguzo. Dawa ingekuwa kuzichimba zile zile mita chache zaidi ndani ya mchanga. Bado kunaniuma jinsi ilivyokuwa rahisi.

6. Udongo ushuke kwanza, jengo lije baadaye

Kama kuna muda. Wenye miradi huwa hawana.

Mfinyanzi ule, wenye mita 10 na njia ya maji kutokea juu na chini, ungehitaji zaidi ya miaka 10 kufikisha asilimia 90 ya safari yake. Ukirundika kifusi cha ziada na kuchomeka humo mifereji ya wima, zile tepe za plastiki zilizovishwa kitambaa zinazosukumwa chini kila mita moja au mbili, maji yanapata njia fupi na miaka inageuka miezi. Kisha unaondoa ziada na kuchimba nguzo kwenye udongo uliochoka kushuka. Tumelifanya hili kwenye tuta la kuingilia daraja dogo. Usomaji wa vibao vya kupimia mdidimio ulikuwa kazi ya kijana mmoja mwenye daftari, na daftari lile lilituokolea fedha kuliko programu yoyote. Ni pale pale daraja linapokutana na tuta, kwa njia, ambapo tatizo hili hupiga kambi: tuta jipya zito nyuma, nguzo za daraja mbele, na mfinyanzi chini ya vyote.

7. Lami inasaidia, ukiilinda

Wale Wanorwe waligundua pia kwamba mpako mwembamba wa lami kwenye nguzo unapunguza mvuto kwa sehemu kubwa sana, kwa kuwa lami hutiririka polepole pamoja na udongo. Ni dawa nzuri kwa nguzo za kugongwa. Nimeitumia mara moja. Asubuhi tulizipaka vizuri, mchana jua la Dar es Salaam likaiyeyusha lami, na nguzo zilipopita kwenye kifusi chenye mawe zikachubuka kama miguu ya mtoto aliyeanguka kwenye kokoto. Siku hizi naagiza kifusi kichimbwe kwanza penye kila nguzo, na kitako kisipakwe: huko chini tunautaka msuguano.

Nguzo za kumwagia zege shimoni huwezi kuzipaka. Hizo huvishwa bomba la chuma sehemu ya juu, na bei yake humkumbusha mtu umuhimu wa fungu la 5.

8. Kifusi si mshitakiwa pekee, tazama visima

Jijini Mexico, mnara wa ukumbusho wa uhuru wenye malaika wa dhahabu ulizinduliwa mwaka 1910 juu ya msingi wa nguzo. Jiji limevuta maji ya chini ya ardhi kwa miongo mingi, na mfinyanzi wake wa ziwa la kale umedidimia, malaika amebaki juu. Vidato 14 vimeongezwa ili watu waufikie.

Kila mita moja unayoyashusha maji ya chini huuongezea udongo mzigo wa kama kilopaskali 10. Mita 5 ni karibu sawa na kumwaga kifusi cha mita 3 ambacho hakuna aliyekiona kikimwagwa. Kwa hiyo siku hizi nauliza majirani wana visima vingapi na maji yake hushuka kiasi gani kiangazi. Wananiangalia kama bwana afya.

9. Nguzo za mshazari zikae mbali

Udongo unaoshuka huikalia nguzo iliyolala na kuipinda. Sina la kuongeza.

10. Kumbuka bomba la choo

Jengo likisimama na ardhi ikashuka, kinachokatika ni kilichofungwa kote kuwili. Pale ghalani bomba la maji taka lilivunjika penye ukuta, na kwa miezi lilikuwa likimwaga chini ya sakafu bila mtu kujua hadi harufu ilipotoa taarifa. Siku hizi nachora viungo vinavyocheza penye kila bomba linalotoka nje, na bamba la zege lenye bawaba penye kila mlango wa magari.

Ghala hatukulibomoa. Tuliziba nyufa, tukahamisha rafu nzito upande wa barabara, na tukaweka alama za kupima. Nimepita pale majuzi, mwaka wa kumi na moja sasa. Mlinzi ni yule yule. Kidato cha pili alikijenga mwenyewe mwaka ule alionipigia simu, na safari hii alikuwa na mfuko wa sementi karibu na mlango.

"Injinia, cha tatu nikiweke lini?"

Nikapiga hesabu kiganjani. Zilikuwa zimebaki sentimita 3 hivi. Nikamwambia hatakihitaji.

"Basi," akasema, akiufungua mfuko, "hii nitamzibia paka njia yake."