Kerneli Inajuaje Mahali RAM Ilipokatika?

Swali: Kompyuta ina RAM ya GB 4, lakini anwani zake zinavuka GB 4. Kerneli ya Linux inayatambuaje mapengo?

Jibu: Anwani za RAM hazifuatani kama kurasa za kitabu. Kwenye kompyuta za x86, eneo lililo chini kidogo ya GB 4 hutengewa vifaa kama kadi ya picha, hivyo sehemu ya RAM husukumwa juu ya mpaka huo. Mashine inapowaka, BIOS huikabidhi kerneli orodha iitwayo E820: kila eneo linaanzia wapi, lina ukubwa gani, ni la aina gani.

Kazi ngumu ni kutunza daftari la maeneo hayo. Kila ukurasa, yaani sehemu ya KB 4 ya anwani, huandikiwa maelezo ya baiti 64 hivi. Kama daftari lingefuata anwani zote mfululizo, pengo la GB 1 pekee lingemeza MB 16 za RAM halisi. Hasara tupu! Ndiyo maana SPARSEMEM, mbinu iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2005, ni suluhisho la busara: hugawa anwani katika vipande, vya MB 128 kwenye x86 ya biti 64, na kipande kisicho na RAM hakifunguliwi daftari.

Mwenye Linux anaweza kujionea mapengo hayo katika faili la /proc/iomem, akilifungua kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo.