Kuvunjika kwa Koleo Siyo Mwisho wa Uhunzi

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilisuasua nchini Tanzania, na mahali pengine ilikatika kabisa. Kisa ni nini? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika siku moja, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Njia zilizobaki zikalemewa.

Jambo hili linatuhusu hata sisi wa vijijini. Mama wa Kisarawe akiuza mihogo, huenda akalipwa kwa simu. Mtandao ukifa, fedha hazifiki.

WAYA HUU NI WA NAMNA GANI?

Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Habari hupita humo kwa mwanga, mbio za kilomita 200,000 hivi kwa sekunde moja. Lakini tingatinga moja laweza kuukata.

Hebu tufikirie barabara. Dereva wa Kibaha anakwenda Chalinze. Akikuta daraja la Ruvu limefungwa, afanyeje? Huzungukia Bagamoyo na Msata, akatokea Chalinze. Amechelewa, lakini amefika.

Mafundi nao hufanya vivyo hivyo. Hulaza waya kwa mduara. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umepangwa kwa miduara. Upande mmoja ukikatika, mitambo hutambua yenyewe na kupitisha habari upande wa pili. Mitambo mizuri hufanya kazi hiyo kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kabla hujapepesa jicho, imekwisha!

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

1. Njia mbili zisipite mtaro mmoja. Kitakachokata moja kitakata zote.
2. Njia ya akiba iwe na nafasi. Ikiwa imejaa tayari, haiwezi kubeba mzigo wa mwenzake.
3. Njia ya akiba ijaribiwe mapema, siyo siku ya hatari.

SISI JE?

Ukiona nguzo fupi za alama ya waya kando ya barabara, usichimbe hapo. Uliza kwanza ofisi ya kijiji. Wala usikate waya huo ukidhani utapata shaba. Habari hupita kwenye kioo.

MASWALI

1. Kwa nini waya hulazwa kwa mduara?
2. Kijijini kwenu, mvua ikikata barabara, mnayo njia ya pili? Jadilianeni.